Mkalimani Si Mtu Ajuaye Lugha Mbili Tu

Watu wengi hudhani kwamba mtu akijua lugha mbili amekwisha kuwa mkalimani. Kama ingekuwa hivyo, bweni letu zima lingekuwa la wakalimani, maana hapa shuleni Mbinga hakuna asiyejua lugha mbili, na walio wengi twajua tatu. Wamatengo wana Kimatengo chao, Wangoni wana Kingoni, na sisi tuliotoka ufukoni kwa ziwa twasema Kinyasa, Kimpoto au Kimanda. Wote twasema Kiswahili, na darasani twasoma kwa Kiingereza. Walakini ukimchukua mmoja wetu ukamweka kati ya Balozi na Waziri, nadhani kabla ya dakika tano kupita Balozi atakuwa amekasirika, wala Waziri hajui kwa nini. Katika makala haya nataka kueleza kazi hiyo ni kazi gani, na kijana hufundishwaje mpaka akaaminiwa kuifanya.

Kwanza yafaa tutenganishe majina mawili ambayo watu huyachanganya. Mfasiri ni yule afanyaye kazi kwa maandishi. Ana meza, ana kamusi, na neno likimshinda leo aweza kulilalia mpaka kesho. Mkalimani hufanya kazi kwa mdomo, na neno likimpita limekwenda. Ukalimani wenyewe una njia mbili kubwa. Ya kwanza huitwa ukalimani fuatizi: msemaji husema kitambo, hunyamaza, ndipo mkalimani husema naye. Njia hii hutumika katika mazungumzo ya watu wachache, kwa mfano Balozi akimtembelea Mkuu wa Mkoa, au ofisa wa ubalozi akienda kumwona raia wake gerezani. Ya pili ni ukalimani sambamba: mkalimani hukaa katika kijumba cha vioo, amevaa visikilizio masikioni, naye husema papo hapo msemaji anaposema, akiwa nyuma kwa maneno machache tu. Njia hii ilipata sifa duniani tangu kesi ya viongozi wa Kijerumani huko Nuremberg, iliyoanza Novemba 1945, ambako lugha nne zilisikika kwa pamoja: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Kazi hiyo huchosha akili upesi mno, ndiyo sababu wakalimani hukaa wawili katika kijumba kimoja na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi.

Pengine msomaji atauliza: mambo haya ya mabalozi yatuhusu nini sisi wa Mbinga na Nyasa? Yatuhusu sana. Tazama ramani. Nchi tatu zakutana katika ziwa letu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Ukishika njia ya kusini kutoka Mbamba Bay utaingia Msumbiji, na ng'ambo ya pili ya maji ni Malawi. Visiwa vya Likoma na Chizumulu ni vya Malawi, ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Basi mvuvi akipotezwa na upepo usiku, hajui asubuhi atatua katika serikali ya nani. Akifika Malawi atasikilizana na wenyeji, kwa kuwa Kinyasa chetu na Kichewa chao ni ndugu. Akifika ufuko wa Msumbiji wanakijiji watamwelewa vilevile, lakini polisi ataandika taarifa yake kwa Kireno, na hapo ndipo taabu huanza.

Hata jina la ziwa lenyewe lina kisa cha lugha. Livingstone alipofika mwaka 1859 alisikia watu wakiyaita maji yale "nyasa", ambalo katika lugha za huku ni neno la ziwa au maji mapana. Akaandika Nyasa, na ramani za dunia zikaandika Nyasa. Kwa hiyo tusemapo "Ziwa Nyasa" twasema "Ziwa Ziwa". Neno hilo halikumdhuru mtu, ila yako mengine yaliyomwaga damu. Katika historia tunasoma habari za Mfalme Menelik wa Pili wa Uhabeshi, aliyetia sahihi mkataba wa Wuchale na Waitalia mwaka 1889. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Mfalme aweza, akipenda, kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na nchi za nje. Kwa Kiitaliano kilisema kwamba lazima aitumie. Tofauti ya "aweza" na "lazima" ilifika mpaka vita ya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambako Waitalia walishindwa vibaya. Karibu zaidi na kwetu tunamsoma Mangungo wa Msovero, Usagara, ambaye mwaka 1884 aliwekeana mkataba na Karl Peters. Karatasi ile iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungo hakuweza kuisoma, na ilisema kwamba ametoa nchi yake yote. Alichokisikia Mangungo kwa masikio yake ni kile tu alichoambiwa kwa mdomo.

Na ziwa letu nalo lina maneno yake. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba kule Berlin, ukasema mpaka wafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa. Malawi yashika maneno hayo. Tanzania yasema mpaka wapita katikati ya maji. Mwaka 2012, maneno yalipopamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta ziwani, suala hilo lilipelekwa kwa marais wastaafu ili walisuluhishe, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Mtu atakayekaa katikati ya mazungumzo kama hayo hapana budi ajue tofauti ya ufuko, ukingo, kina na katikati katika kila lugha iliyopo mezani. Bwana Chissano nitamrudia mbele kidogo.

Kazi ya ubalozi ina pande mbili. Upande wa kwanza ni serikali kusema na serikali: mikataba, biashara, amani. Upande wa pili ni kazi ya balozi mdogo, nayo ni kuwatunza watu wa nchi yake walio ugenini: pasi zao, ndoa zao, vifo vyao, na taabu zao na polisi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 wasema kwamba mgeni akikamatwa ana haki, akitaka, ubalozi wa nchi yake upewe habari bila kukawia, na ofisa wa ubalozi ana ruhusa ya kwenda kumwona na kusema naye. Mimi naona upande huu wa pili ndio mgumu kwa mkalimani kuliko ule wa kwanza, ingawa hauna bendera wala picha magazetini. Waziri akisikia jambo lisiloeleweka atauliza, tena ana makaratasi na washauri. Mvuvi aliyelala kituoni siku mbili hatauliza. Ataitikia tu.

Natoa mfano wa kuitikia huko, maana ni jambo ambalo sikulifikiri mpaka Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuonyesha. Tuseme polisi wa Msumbiji amwuliza mvuvi wetu, "Hukuja kuiba nyavu?" Mvuvi ajibu, "Ndiyo." Kwetu maana yake ni wazi: ndiyo, ni kama usemavyo, sikuja kuiba. Mreno haitikii hivyo. Kwake neno la kukubali baada ya swali la namna ile laweza kuwa na maana ya "nimekuja kuiba." Mkalimani asiyefundishwa atatafsiri neno moja kwa neno moja, na kwa neno hilo moja mtu ameungama wizi. Aliyefundishwa atasema kwa Kireno, "Sikuja kuiba," kisha aendelee na kazi kana kwamba hakuna jambo lililotokea.

Saa nayo ni mtego. Mvuvi asema aliondoka kwao saa kumi na moja alfajiri. Kwa hesabu ya Wazungu hiyo ni 5:00, wala si 11:00. Mkalimani akiacha kugeuza, taarifa itasema kwamba mtu aliondoka karibu na adhuhuri, na shahidi aliyemwona ziwani asubuhi na mapema atakuwa mwongo. Tena saa ya Msumbiji na Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima. Hapo mkalimani hapigi hesabu ya pili kwa kichwa chake mwenyewe. Husema "5:00 kwa saa ya Tanzania" na kuwaachia wenye kazi yao.

Halafu kuna majina ya udugu. Mtu amezama, na kijana amekuja kupokea maiti na vitu vyake. Aulizwa marehemu ni nani kwake, naye ajibu, "Ni baba." Lakini aliyezama ni mdogo wa baba yake mzazi, ambaye kwetu ni baba vilevile, wala hakuna uongo. Katika hati za ubalozi mambo hayo ni mawili, na jina lisipolingana na cheti cha kuzaliwa kijana atarudishwa mikono mitupu. Hapa mkalimani hana ruhusa ya kujiamulia, hata kama anaijua familia hiyo nyumba kwa nyumba. Aomba ruhusa kwa ofisa, aeleza kwamba neno "baba" katika lugha ya msemaji lina maana zaidi ya moja, auliza, kisha afasiri jibu. Jambo hili la kujua wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza, walimu wa ukalimani hulifundisha kwa muda mrefu.

Jambo hili lilionekana hata Arusha, katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Mashahidi walisema Kinyarwanda, majaji walisikia Kifaransa na Kiingereza. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998 majaji walitenga mahali maalumu pa kueleza maana ya maneno kadhaa ya Kinyarwanda, baada ya kumsikiliza mtaalamu wa lugha. Mojawapo lilikuwa "inyenzi", ambalo maana yake ya kamusi ni mende. Mkalimani angesema mende tu, majaji wasingejua kwamba neno hilo lilitumika kuwataja watu waliokusudiwa kuuawa.

Sasa, mkalimani chipukizi hufundishwaje? Huko Geneva shule ya wakalimani ilifunguliwa mwaka 1941, na kwa sehemu kubwa mazoezi ya nchi nyingi yafanana. Kazi ya kwanza haina kalamu kabisa. Mwanafunzi husikiliza maneno ya dakika mbili, tatu, kisha huyasimulia upya kwa lugha ile ile. Sisi tumejaribu zoezi hili kwa taarifa ya habari ya redio, na nawahakikishia wasomaji kwamba ni gumu kuliko linavyoonekana. Majina ya watu hubaki, kisa hubaki, lakini tarakimu huruka kama dagaa katika wavu uliotoboka. Ndiyo sababu mwanafunzi afundishwapo kuandika, hufundishwa kuandika tarakimu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kuandika kwenyewe si imla. Jean-François Rozan alitoa kitabu kidogo mwaka 1956 kueleza njia hii, na hadi leo mafundisho yake yafuatwa. Mkalimani haandiki maneno, huandika fikira. Hushuka ukurasa kwa mshazari, aliyetenda juu kushoto, alilotenda katikati, aliyetendewa chini kulia. Hutumia mishale na alama, na hupiga mstari kila fikira inapokwisha. Mathalani ofisa aseme: "Mitumbwi mitatu ilionekana jana kabla ya jua kuchomoza, miwili ilirudi kwa sababu ya upepo, na mmoja uliokuwa na watu wanne haujaonekana." Mkalimani ataandika 3 na alama ya mtumbwi, jua lenye mshale wa kupanda, 2 na mshale wa kurudi nyuma, na herufi "up" chini yake, kisha mstari, kisha 1, watu 4, na alama ya kuuliza. Karatasi hiyo haina maana kwa mtu mwingine, na kazi ikimalizika huchanwa.

Sheria nyingine ni ya neno "mimi". Balozi akisema "nimefurahi", mkalimani husema "nimefurahi", si "anasema amefurahi". Yaonekana jambo dogo, lakini ndilo limzuialo mkalimani asiingize mawazo yake. Likizo iliyopita nilikuwa sokoni kijijini kwetu kando ya ziwa. Mama mmoja kutoka upande wa Msumbiji alikuwa akiuza mpunga, na mnunuzi alikuwa mgeni kutoka bara asiyejua Kinyasa. Kijana mmoja akajitolea kukalimani. Yule mama alisema maneno mengi, mikono ikienda huku na huku, labda dakika nzima. Kijana akageuka akasema, "Anasema bei haipungui." Watu tulicheka sana, maana yule mama alikuwa amesema kwamba akinunua magunia mawili atampunguzia, na kwamba akitaka aweza kulipa nusu sasa na nusu siku ya soko linalofuata. Mnunuzi akaenda zake. Kijana yule alijua lugha zote mbili vizuri kabisa.

Kutunza siri ni sheria isiyo na msamaha. Chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, kilichoanzishwa mwaka 1953, kinawataka wanachama wake wasitoe nje neno lolote walilolisikia katika mkutano wa faragha. Katika miji mikubwa huenda hilo ni jepesi. Katika kijiji cha ufukoni, ambako mkalimani na aliyekamatwa huteka maji mahali pamoja, nafikiri ni mtihani mkubwa kuliko sarufi ya Kireno.

Pia mkalimani hapana budi ajue mambo, si maneno tu. Tuseme Balozi amekuja Mbinga, na mzee wa Kimatengo anamwonyesha shamba la ngoro. Hakuna neno la Kireno wala la Kifaransa la ngoro. Mkalimani asiyejua kilimo atasema "mashimo", na Balozi atadhani wakulima wetu wamechimba visima mlimani. Aliye tayari atasema kwa pumzi moja kwamba majani yaliyofyekwa hupangwa miraba miraba katika mteremko, hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, basi mazao huota kwenye matuta na maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuchukua udongo bondeni. Kwa hiyo kabla ya kila kazi mkalimani hujitengenezea orodha ya maneno, iwe ya kahawa, ya mafuta, au ya magonjwa ya samaki.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne atakaye njia hii, safari yake ni ndefu, nami naitaja kwa ufupi. Hana budi kuendelea na masomo ya lugha kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu. Tafsiri na ukalimani hufundishwa katika masomo ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo chake cha tafsiri na ukalimani kwa waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, hutoa huduma za tafsiri na ukalimani. Kurasini, Dar es Salaam, kipo chuo cha uhusiano wa kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1978 na serikali mbili pamoja, ya Tanzania na ya Msumbiji. Nilipojua hilo nilishangaa kidogo: serikali zilijenga chuo pamoja, lakini sisi wa mpakani twamaliza shule ya sekondari bila kusikia darasani neno moja la Kireno. Kifaransa angalau ni somo la mtihani katika shule nyingine. Wazazi na walimu mnaosoma gazeti hili, naomba mlifikirie.

Kiswahili chenyewe sasa chahitaji wakalimani kuliko zamani. Julai 2004, katika mkutano wa Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, Bwana Chissano, aliyekuwa akimaliza zamu yake ya uenyekiti, alisimama akahutubia kwa Kiswahili, lugha aliyoisema tangu siku za FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wajumbe wengi walishikwa na mshangao, maana mambo hayakuwa yameandaliwa kwa lugha hiyo. Mambo yamebadilika tangu hapo. Agosti 2019 nchi za SADC zilikubali Kiswahili kiwe lugha yao rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi. Kila lugha inayoongezwa mezani yataka watu wa kukaa katika vile vijumba vya vioo. Kiswahili na Kireno kwa pamoja ni watu wangapi wanaoviweza? Watoto wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wangeweza kuwa miongoni mwao.

Hapa shuleni tumeanza kidogo kidogo. Kila Jumamosi baada ya usafi wanafunzi tisa hukutana katika chumba cha kidato cha pili. Mmoja husoma habari kwa Kiswahili, wa pili husema kwa Kiingereza, wa tatu, ambaye hakusikia habari ya kwanza, huirudisha katika Kiswahili, kisha tunalinganisha. Mwanzoni mwa muhula habari ya watu 40 ilirudi kuwa ya watu 14. Sasa tarakimu zarudi salama mara nyingi. Tunayo pia daftari ya maneno ya ziwa yenye safu tatu. Ya Kiswahili na ya Kinyasa twazijaza wenyewe: mtumbwi ni bwato, samaki ni nsomba, mpaka ni malire. Safu ya Kireno hujazwa wakati wa likizo na wale wanaoishi karibu na soko, kwa msaada wa wafanyabiashara wa Msumbiji. Tunayo canoa, peixe, rede ya wavu, vento ya upepo na fronteira ya mpaka, pamoja na maneno mengine kama sitini. Atakayependa kuongeza lake aje Jumamosi na kalamu yake. Daftari hukaa kwa kiranja wa maktaba.